Shangazi, mume wangu amepiga hesabu: mshahara wangu wote utaishia kwa yaya

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 36, nimeolewa miaka 11, na tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo sita. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ndugu kila mtu ana upande wake, nami nimechoka kueleza jambo kwa watu wenye majibu tayari.

Nilipoolewa nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja, na mshahara wangu ulikuwa unauzidi kidogo wa mume wangu. Muda si mrefu baada ya ndoa alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili. Tukakaa, tukakubaliana yeye asome, mimi nibebe nyumba. Kwa miaka miwili nililipa kodi, nikalisha nyumba, nikalipa na sehemu kubwa ya ada yake, huku nikiwa na mtoto mchanga. Akiba niliyoiweka kwa ajili ya mitihani yangu ya uhasibu iliishia huko. Sikulalamika, tulikuwa tunajenga. Alipohitimu akapata kazi nzuri. Mtoto wa pili alipozaliwa tukakubaliana tena, safari hii mimi niache kazi kwa muda, maana yule mkubwa alikuwa mgonjwamgonjwa na yenye pesa ilikuwa kazi ya baba yao. Huo "muda" sasa una miaka sita.

Leo yeye ni meneja. Simsingizii ulevi wala uvivu. Ada analipa, watoto hawalali njaa, hajawahi kuniinulia mkono. Tatizo ni jinsi pesa inavyonifikia. Ana daftari. Kila ninachopewa kinaandikwa, na nikitoka dukani namkabidhi risiti. Mwezi uliopita nilimnunulia mdogo viatu vya shule, vya zamani vilikuwa vimetoboka kidoleni, akanihoji kwa nini sikuchukua vya bei ya chini. Kisha akaandika: "Viatu, mama watoto." Usiku alipolala nililichukua lile daftari nikalipekua lote. Mafuta ya gari yamo, bima imo, ada imo, hadi sabuni. Mimi nimo kama matumizi.

Nyumba tunayoishi tuliinunua miaka minne iliyopita, na hati ina jina lake peke yake. Nilipouliza, akasema anayelipa mkopo wa benki ni nani?

Sasa mtu niliyewahi kufanya naye kazi amefungua ofisi yake na anataka nimshikie vitabu vya hesabu, siku nzima, kwa mshahara mdogo wa kuanzia. Nilifurahi sana. Mume wangu akachukua kikokotoo: mshahara, toa yaya, toa nauli, toa chakula cha mchana. Kilichobaki hakivuki sehemu moja ya kumi. Akaniuliza, "Uwaache watoto kwa ajili ya hii?" Nilikosa jibu, Shangazi. Hesabu ilikuwa sahihi, na mimi ni mtu wa hesabu.

Nimeanza kuwaza talaka. Mama yangu anasema nimeshawekeza miaka 11, nitaitupaje? Rafiki yangu anasema niondoke hata kesho, nusu ya kila kitu ni yangu. Mimi nikipiga hesabu naona nikiondoka nitakuwa maskini, nikibaki nitakuwa mtoto. Nifanye nini?

Halafu mdogo wangu wa kike, miaka 27, ana mchumba. Anataka nimwambie kama akubali au asubiri mwingine bora zaidi. Nisaidie na hilo, maana kwa hali niliyo nayo naona haya kumshauri mtu kuhusu ndoa.

Mama Watoto

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kikokotoo, kwa sababu hapo ndipo uliponyamazishwa. Katika kutoa na kujumlisha mumeo hakukosea. Kosa liko kwenye alichokiweka ndani ya hesabu na alichokiacha nje.

Yaya amekatwa kwenye mshahara wako. Kwa nini wako? Watoto ni wenu wawili. Gharama ya kuwalea ni gharama ya nyumba, sawa na bili ya umeme, na sijawahi kuona bili ya umeme ikikatwa kwenye mshahara wa mtu mmoja ili kumthibitishia kwamba kazi yake haina faida. Ikitolewa kwenye vipato vyenu viwili kwa uwiano, picha inageuka palepale.

Halafu tazama alichokikiri bila kujua. Amesema ukitoka, itabidi alipwe mtu karibu mshahara mzima ili afanye unayoyafanya, tena sehemu yake tu, maana yaya hataamka usiku mtoto akipata homa. Kumbe bei ya kazi yako anaijua! Anaijua vizuri sana pale inapomsaidia kukuzuia. Lakini kwenye daftari, kazi hiyohiyo haina mstari. Mtu mwenye mchango wa kiasi hicho kila mwezi hawezi kuorodheshwa upande wa matumizi peke yake, na wewe uliyesoma uhasibu unajua kitabu cha namna hiyo kinaitwaje.

Kosa lingine ni la muda. Amepiga hesabu ya mwaka mmoja. Tuseme mshahara wa kuanzia ni 100, na mwaka huu yaya, nauli na mengineyo vinakula 90. Unabaki na 10, sawa na alivyosema. Sasa mshahara upande kwa asilimia 5 kila mwaka, na mdogo akifika miaka kumi asihitaji tena mtu wa kushinda naye, gharama zishuke hadi 40. Mwaka wa tano mshahara unakaribia 122 na unabaki na zaidi ya 80. Ukiamua kusubiri hadi mwaka huo ndipo utoke, utaanzia kwenye 100, tena kama kuna atakayekupa 100 ukiwa na pengo la miaka kumi kwenye wasifu wako. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Ukiongeza michango ya pensheni, watu utakaofahamiana nao, na mitihani uliyoiahirisha, utaona kwamba ile 10 ya mwaka wa kwanza ndiyo sehemu ndogo kabisa ya malipo ya kazi hiyo.

Hili halikukupata wewe peke yako. Nchini Denmark, nchi yenye huduma za kulea watoto ambazo wengi wetu tungezitamani, wachumi walifuatilia vipato vya wanaume na wanawake kabla na baada ya kupata mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto mistari miwili inakwenda pamoja. Baada ya hapo wa mama unaporomoka, na hata miaka mingi baadaye unabaki chini kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na wa baba. Wa baba unaendelea kama kwamba hakuna aliyezaliwa.

Sasa tuje kwenye makubaliano yenu. Hamkuwa wajinga. Mwaka 1973 mchumi wa Marekani Gary Becker, ambaye baadaye, mwaka 1992, alipata Tuzo ya Nobel, alichapisha makala iliyoichambua ndoa kama wachumi wanavyochambua uzalishaji. Hoja yake kwa ufupi: watu wawili wakigawana kazi, kila mmoja akishika anachokifanya kwa gharama ndogo kuliko mwenzake, pato la wote wawili linakuwa kubwa kuliko kama kila mmoja angefanya nusu ya kila kitu. Ndicho mlichofanya, na kililipa. Mumeo ni meneja, watoto wana afya, nyumba ipo.

Ila mgawanyo huo una jambo ambalo Becker hakulipa uzito wa kutosha. Yeye alijenga picha ya familia yenye mkuu mwema anayewapenda wote na kuwagawia ipasavyo. (Wakuu wema wapo, nimewaona. Siwezi kumshauri mtu ayaweke maisha yake juu ya dhana hiyo.) Angalia kila mmoja wenu alikusanya nini kwa miaka hii. Yeye amekusanya shahada, cheo na jina sokoni, vitu anavyoweza kutoka navyo mlangoni kesho asubuhi vikaendelea kumlipa popote. Wewe umekusanya kujua mtoto yupi akinyamaza anaumwa, dawa gani humtapisha, mwalimu yupi ni wa kuonwa. Ni mali kubwa, lakini inalipa ndani ya ndoa hiyo moja tu. Ukitoka nje nayo hakuna mwajiri atakayeiuliza.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 wachumi wengine, wakiwemo wanawake, walikuja na hoja kwamba ndani ya nyumba watu wanapatana bei, hata kama hawasemi. Sehemu anayoipata kila mmoja inategemea angekuwa na hali gani kama mapatano yangevunjika. Mwenye pa kwenda husikilizwa. Asiye na pa kwenda huomba. Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi. Na mwaka 1993 Shelly Lundberg na Robert Pollak wakaongeza kitu ambacho ukikisoma utajiona: kuvunjika kwa mapatano si lazima kuwe talaka. Kunaweza kuwa ndoa iliyopoa, kila mtu kwenye eneo lake, huyu na pesa zake, yule na jiko na watoto, wanasalimiana. Daftari la mumeo ndilo hilo.

Je, kweli kuna tofauti pesa ikipitia mkono wa nani? Uingereza walilijaribu bila kukusudia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali iliondoa nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto, ambayo kwa kawaida ilionekana kwenye mshahara wa baba, ikaweka posho ya mtoto inayolipwa moja kwa moja kwa mama. Fungu la familia halikubadilika sana, mkono ndio uliobadilika. Lundberg, Pollak na mwenzao Wales walipopitia takwimu za matumizi, waligundua kwamba baada ya hapo nguo za wanawake na za watoto zilinunuliwa zaidi ukilinganisha na za wanaume. Nguo za watoto, mwanangu. Na wewe umenisimulia kisa cha viatu.

Ushahidi mwingine ndio ninaotaka uukae nao zaidi. Huko Marekani, kuanzia sheria ya California iliyopitishwa 1969 na kuanza kutumika 1970, majimbo mengi yaliruhusu mtu mmoja kuvunja ndoa bila kuthibitisha kosa la mwenzake na bila kungoja ridhaa yake. Wachumi Betsey Stevenson na Justin Wolfers walilinganisha majimbo kabla na baada, na matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha ukatili wa majumbani ukishuka kwa karibu theluthi moja, na idadi ya wanawake waliojiua ikishuka pia. Unaweza kudhani ni kwa sababu walioteswa waliondoka. Wapo walioondoka, ndiyo. Lakini maelezo yanayolingana na namba hizo ni kwamba hata waliobaki walianza kutendewa vingine, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa na kila mtu aliujua.

Kwa hiyo swali lako la kuondoka au kubaki nalisogeza pembeni kidogo. Hatua ya kwanza ya kuondoka na hatua ya kwanza ya kubaki kwa heshima ni ileile: uwe na kipato chako, akaunti yako, na ujue haki yako. Ukishayapata hayo, huenda usihitaji kuondoka. Na ukihitaji, hutatoka mikono mitupu.

Mama yako naye tumjibu kwa adabu. Miaka 11 haitarudi ukibaki wala ukiondoka, kwa hiyo isiwe sababu ya lolote kati ya hayo mawili. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachopimwa ni miaka iliyo mbele. Lakini kuna kitu ndani ya miaka hiyo ambacho hakikumwagika: ile shahada. Uliilipia, na bado inazaa kila mwisho wa mwezi. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilipata kesi ya mke aliyembeba mumewe hadi akawa daktari, kisha mume akaomba talaka. Mahakama ikaamua kwamba leseni ile ya udaktari ni mali ya ndoa na mke ana fungu ndani yake. Uamuzi huo uliwasumbua watu miaka mingi, maana utaipimaje thamani ya leseni ya mtu? Kuanzia 2016 sheria ya jimbo hilo ikaacha kuihesabu shahada au leseni kama mali, ila mchango wa mwenzi katika kumwinua mwenzake bado unatazamwa wakati wa kugawana. Huko Uingereza nako, mwaka 2000, majaji wa ngazi ya juu walisema wazi kwamba mleta pesa asipendelewe dhidi ya aliyetunza nyumba na watoto.

Nakutajia hizi usiende kuzinukuu sebuleni. Kila nchi ina sheria yake. Kuna mahali mali yote iliyopatikana ndani ya ndoa hugawanywa sawa, kuna mahali hugawanywa kwa kutazama mchango na kazi ya nyumbani huhesabiwa, na kuna mahali jina lililo kwenye hati ndilo lenye nguvu. Rafiki yako aliyesema nusu ya kila kitu ni yako anaweza kuwa sahihi na anaweza kuwa amekuuzia ndoto. Nenda kwa wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria kama pesa ni tatizo, kabla hujatamka neno talaka mbele ya mtu yeyote. Uliza mambo mawili kwanza: nyumba iliyonunuliwa ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inatazamwaje, na je, mmoja anaweza kuiuza au kuiwekea rehani bila mwenzake kujua?

Na hiyo "kesho" ya rafiki yako ni ghali. Watakwimu wanapolinganisha hali za familia hutumia kanuni rahisi: mahitaji ya nyumba hayapandi sawasawa na idadi ya watu, hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Watu wanne wanahitaji mara mbili ya mtu mmoja, maana paa ni moja na friji ni moja. Mkitengana, yeye peke yake ni 1, wewe na watoto wawili ni karibu 1.73. Jumla 2.73 badala ya 2. Kipato kilekile kinatakiwa kifanye kazi ya ziada ya zaidi ya theluthi, siku ya kwanza tu, kabla hata ya wakili kulipwa. Ndiyo maana katika talaka nyingi wote wawili huona wameibiwa.

Mimi nisingetoka mwaka huu. Wala nisingekaa kama ulivyokaa.

Kazi hiyo ichukue. Mshahara uingie akaunti yenye jina lako. Tafuta taarifa zako za benki za ile miaka miwili uliyolipa ada na kodi, maana benki hazihifadhi kumbukumbu milele. Weka nakala za hati, za mkataba wa mkopo na za malipo yake mahali ambapo si ndani ya nyumba. Huo si uchawi wala hila, ni utunzaji wa kumbukumbu, na hata mumeo anaupenda. Kisha kaa naye, si usiku wa ugomvi, ukiwa na daftari lake mezani, na umwonyeshe hesabu yako ya miaka mitano. Ongeza safu ya kazi za nyumbani, uweke bei ileile aliyoipa yeye mwenyewe kwenye kikokotoo. Mwombe vitu vinavyoonekana: akaunti ya pamoja ya gharama za nyumba ambamo kila mmoja anachangia kwa uwiano wa kipato chake, fungu la mfukoni lililo sawa kwa kila mmoja lisiloulizwa risiti, na jina lako kwenye hati au maandishi yanayotambua fungu lako.

Nimtetee kidogo. Mtu anayebeba mkopo wa nyumba peke yake analala na hofu ambayo huenda hajakuambia. Kazi yake ikiyumba, watu wanne wanaanguka pamoja. Daftari linaweza kuwa ubahili, na linaweza kuwa woga. Mwambie kwamba mshahara wako, hata ukiwa mdogo, ni bima ambayo hakuna kampuni itakayomuuzia kwa bei hiyo. Woga utalegea akisikia hivyo. Ubahili hautalegea, nawe utakuwa umejua ni kipi. Mpe miezi sita hadi mwaka, utazame anachofanya zaidi ya anachosema.

Lakini akikufuata kazini kukuaibisha, akidai umkabidhi mshahara wote, akianza kukutisha, basi acha mahesabu yangu. Hapo shida imekuwa kuzuiwa usiwe na pa kwenda, na unachotafuta ni usalama wako na wa watoto. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo.

Haya, mdogo wako.

Huenda amesikia ile kanuni ya wanahisabati kwamba ukate asilimia 37 ya kwanza ya wachumba, kisha umchukue wa kwanza anayewapita wote. Hisabati yake ni sahihi kwa mtu anayeijua idadi ya wachumba atakaopata maishani, asiyeweza kumrudia aliyemwacha, na ambaye asipopata namba moja basi wengine wote ni sawa na bure. Simjui binadamu wa namna hiyo. Yenye manufaa zaidi ni kazi ya wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962. Walionyesha namna ya kuwaoanisha watu upande huu na ule mpaka pasibaki wawili wanaotamaniana kuliko wenzi waliopewa. Ndani yake kuna jambo linaloniuma kila nikilikumbuka: upande unaoposa huishia na mwenzi bora kuliko wote anaoweza kumpata katika mpango ulio imara, na upande unaongoja kuposwa huishia na wa chini kuliko wote anaoweza kumpata. Mabinti wengi tumelelewa kungoja. Kama kuna mtu anayemfikiria, amwendee kwanza amsikie, kuliko kumngoja mgeni asiyejulikana atokee.

Kuhusu mchumba aliyepo, asimpime kwa mshahara wa leo. Becker na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kinachoongeza hatari ya talaka ni kipato kwenda tofauti na ilivyotarajiwa, hata kikienda juu. Na utafiti wa mwaka 2004 nchini Marekani uligundua kwamba mtu akiachishwa kazi, uwezekano wa talaka hupanda, lakini akipata ulemavu unaomzuia kufanya kazi, haupandi, ingawa pesa hupungua katika hali zote mbili. Maelezo ya watafiti ni kwamba kuachishwa kazi humpa mwenzi habari mpya kuhusu aliyemwoa, ugonjwa haumpi. Basi hizo habari azitafute sasa. Ana madeni gani, na aliyakopa kwa ajili ya nini? Pesa ikipungua hufanya nini? Anawasemaje watu waliowahi kumsaidia?

Harusi isimtie wasiwasi. Uchunguzi wa mwaka 2015 uliowahoji Wamarekani zaidi ya 3,000 waliowahi kufunga ndoa ulikuta kwamba walioitumia harusi pesa nyingi hawakudumu zaidi, kinyume chake. Waliokuwa na wageni wengi ndio waliodumu. Pengine ni kwa sababu wenye wageni wengi ni watu wenye jamaa wa kuwashika, wala sherehe yenyewe haina dawa ndani yake. Aalike wengi, alishe kwa kiasi.

Mwambie akae na huyo kijana mezani, kila mmoja na karatasi yake, wasitazamiane. Waandike: mmoja akienda kusoma, nani atalipa na atarudishiwaje? Mtoto akija, nani atapunguza kazi, kwa muda gani, na mwenzake atamwekea pensheni kiasi gani katika muda huo? Nyumba itaandikwa jina la nani? Mmoja akipata kazi mji mwingine, nani atahama? Kisha wabadilishane karatasi. Na huyo kijana akicheka akasema mambo hayo yatajipanga yenyewe, siku ya ukumbi isogezwe mbele mpaka aandike.

Shangazi